Somo: Kuunda kizalishi cha namba nasibu ndani ya kanzidata

Karibu kila kanzidata ina fanksheni yake ya namba nasibu, na kwa kazi nyingi inatosha kabisa. Shida huanza pale unapotaka namba zile zile zirudi kesho. Umechagua sampuli ya wateja 500 kwa ajili ya ukaguzi, miezi inapita, mkaguzi anakuja na kukutaka umwonyeshe ulivyowapata. PostgreSQL, moja ya programu za kanzidata, ina setseed() ya kuweka mbegu, yaani namba ya kuanzia mfululizo, kwa kazi hiyo, lakini toleo la 15 la mwaka 2022 lilibadilisha algoriti iliyo nyuma ya random() na kuweka xoroshiro128. Mbegu ni ile ile, namba ni nyingine. Ukiwa na kizalishi chako mwenyewe, mabadiliko ya namna hiyo hayakugusi.

Mifano yote hapa ni ya PostgreSQL. Wa kanzidata nyingine someni mpaka kwenye maswali.

Hatua ya 1: Kanuni

Tutatumia kanuni ya Lehmer kwa vipimo walivyopendekeza Park na Miller mwaka 1988. Zidisha namba uliyonayo kwa 16807, gawanya kwa 2147483647, chukua baki. Baki hilo ndilo namba yako mpya, na ndilo litakalozaa inayofuata. Hakuna zaidi ya hapo.

Hiyo 2147483647 ni 2 kwa kipeo cha 31 kutoa 1, na ni namba tasa. Ikikutana na kizidishi kilichochaguliwa vizuri kama 16807, mfululizo hupita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2147483646 kabla ya kujirudia. Zipo kanuni bora zaidi kitakwimu. Hii nimeipendea mambo mawili: inaandikika kwa mstari mmoja wa SQL, na ina jibu linalojulikana la kujipimia.

Angalizo moja: zao la kuzidisha linaweza kufika kama trilioni 36, kwa hiyo safuwima iwe bigint (aina ya namba nzima kubwa). Ukiweka integer utapata kosa la "integer out of range" mapema tu.

Hatua ya 2: Ipime kabla hujaiamini

```
with recursive m(n, x) as (
  select 0, 1::bigint
  union all
  select n + 1, x * 16807 % 2147483647
  from m where n < 10000
)
select x from m where n = 10000;
```

Ukianza na mbegu 1, namba ya 10,000 lazima iwe 1043618065. Isipokuwa hiyo, usiendelee. Kuna tarakimu umekosea kunakili. Tatu za mwanzo ni 16807, 282475249 na 1622650073, zitakusaidia kujua umeanza kupotea wapi.

Hatua ya 3: Ipe mahali pa kukaa

```
create table mbegu (
  jina text primary key,
  hali bigint not null
    check (hali between 1 and 2147483646)
);
insert into mbegu values ('sampuli', 1);

create function nasibu(p text) returns bigint
language sql volatile as $$
  update mbegu set hali = hali * 16807 % 2147483647
  where jina = p returning hali;
$$;
```

Hiyo check si pambo. Mbegu ikiwa 0, sifuri mara 16807 ni sifuri, na utapewa sifuri mpaka uchoke. Neno volatile nalo liache hapo: fanksheni inayofanya update ndani yake haikubaliwi ikitangazwa vinginevyo.

Hatua ya 4: Ibane kwenye kiwango unachotaka

Kwa namba kati ya 1 na 100:

```
select 1 + nasibu('sampuli') * 100 / 2147483647;
```

Ugawanyaji ni wa namba nzima, kwa hiyo desimali zinakatwa zenyewe. Namba tatu za mwanzo zitageuka 1, 14 na 76.

Hatua ya 5: Mpangilio wa rekodi

Hapa ndipo wengi huumia, tena hesabu yao ikiwa sahihi kabisa. Jedwali halina mpangilio wa asili. Ukiandika `select id, nasibu('sampuli') from wateja`, mfululizo wa namba utakuwa ule ule kila mara, lakini mteja gani anapata namba gani inategemea kanzidata imeamua kusoma rekodi kwa utaratibu upi siku hiyo. Rekodi moja ikihaririwa, PostgreSQL huandika nakala mpya yake, mara nyingi mahali pengine kwenye jedwali. Ukisoma tena, zamu zimebadilika, na sampuli yako imekwenda na maji ingawa mbegu haijaguswa.

Dawa ni kuzipa rekodi zamu mwenyewe, kisha kuunganisha zamu na namba. Chukua m ya hatua ya 2, weka idadi ya wateja wako badala ya 10000, na mstari wa mwisho uwe:

```
select w.id, m.x
from (select id, row_number() over (order by id) as n
      from wateja) w
join m using (n)
order by m.x limit 500;
```

Njia hii pia ni nyepesi kuliko kuita nasibu() mara elfu nyingi, maana kila mwito huandika nakala mpya ya rekodi ya mbegu na kuacha mzoga wa ile ya zamani. Fanksheni ibaki kwa namba moja moja.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikitumia namba ya mteja kama mbegu yake si itakuwa rahisi zaidi? Kila mtu na mfululizo wake.*

Jaribu uone. Mbegu 1 inatoa 16807, mbegu 2 inatoa 33614, mbegu 3 inatoa 50421. Ukibana kwenye 1 hadi 100, wateja wote kuanzia wa 1 hadi wa 1277 wanapata 1. Kutupa namba chache za mwanzo hakuponyi, kwa sababu mfululizo wa mbegu 2 ni ule wa mbegu 1 ukizidishwa kwa 2, mwanzo mpaka mwisho. Ukitaka kila mteja ajitegemee, acha kizalishi hiki, panga kwa heshi (msimbo unaokokotolewa kutoka kwenye id): `order by md5(id::text || 'ukaguzi-A')`. Inarudia vile vile, na mpangilio wa rekodi hauna neno.

*Natumia MySQL, hatua ya 2 imegoma.*

Kikomo cha kujirudia ni 1000 usipokibadilisha. Andika kwanza `set session cte_max_recursion_depth = 20000;` na badala ya 1::bigint weka `cast(1 as signed)`. Kwa SQL Server kikomo ni 100. Ondoa neno recursive, badala ya 1::bigint weka `cast(1 as bigint)`, na malizia na `option (maxrecursion 0)`.

*Inafaa kutengenezea nywila za muda au tokeni?*

Hapana, wala usijaribu. Mwenye namba moja tu anaweza kukokotoa zote zijazo kwa kikokotoo. Tumia gen_random_uuid(), iko ndani ya PostgreSQL tangu toleo la 13.

*Watu wawili wakiita nasibu() kwa wakati mmoja, wanaweza kupata namba moja?*

Hawawezi. Update hufunga rekodi, wa pili anasubiri muamala wa kwanza umalizike. Kwa kiwango cha utengano wa miamala cha read committed anaendelea na hali mpya. Kwa repeatable read anapewa kosa na inabidi arudie. Foleni ikikukera, fungua rekodi ya mbegu kwa kila kazi, lakini zisiwe 1, 2, 3, kwa sababu niliyoieleza juu.

*Na muamala ukifutwa kwa rollback?*

Mbegu inarudi ilipokuwa, na namba ile ile itatoka tena. Hapo ni tofauti na sequence (kihesabu cha kanzidata yenyewe), ambayo hairudi nyuma. Kwa sampuli ni jambo zuri. Kama namba ilishaonyeshwa kwa mtumiaji kabla ya kufutwa, ufanyie commit (uthibitishe) muamala wa kuchota namba peke yake kwanza, kazi nyingine ifuate.