Umepandikizwa ini na umepata fangasi? Soma hapa kabla ya kumeza flukonazoli

Mimi ni mfamasia. Wengi ninaowahudumia walipandikizwa ini India, wakarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Fangasi huwasumbua sana, na dawa ya fangasi ikitumiwa ovyo huwasumbua zaidi.

Hatua ya 1: Hesabu miezi tangu upasuaji. Mitatu ya mwanzo ndiyo ya hatari kubwa, maana dozi za kushusha kinga ziko juu. Mara nyingi hapo ni fangasi aitwaye kandida, hasa kwa aliyefunguliwa tumbo tena au aliyesafishwa damu kwa mashine. Kriptokokasi, fangasi wa aina nyingine, huweza kuja baadaye sana. Huishi kwenye mavi ya njiwa, kwa hiyo banda la njiwa asafishe mtu mwingine.

Hatua ya 2: Kila asubuhi kagua mdomo kwa tochi. Ukiona utando mweupe, mwonyeshe daktari. Ukiwa mdomoni tu, mara nyingi nistatini ya maji, dawa ya fangasi, hutosha: izungushe mdomoni kwa muda, kisha meza. Haiingii kwenye damu, hivyo haigombani na dawa zako. Lakini chakula kikiuma kinaposhuka kooni, nistatini haitoshi.

Hatua ya 3: Hapa nakuomba utulie. Takrolimasi, dawa yako ya kushusha kinga ili mwili usilikatae ini, huvunjwa na kimeng'enya fulani cha ini na utumbo, na flukonazoli, dawa ya fangasi, hukizuia. Unameza dozi ileile, ila kiwango kwenye damu kinapanda, mikono inatetemeka, figo zinaumia. Nilimpokea mama mmoja aliyenunua flukonazoli dukani kwa ajili ya muwasho, akaimeza kila siku kwa wiki nzima. Muuzaji hakumuuliza anatumia dawa gani. Alifika kwangu hawezi hata kushika kikombe cha chai.

Kwa hiyo mpigie daktari wako kwanza. Akikuandikia flukonazoli, muulize takrolimasi ipunguzwe kiasi gani na damu ipimwe lini. Kwa vorikonazoli, dawa nyingine ya fangasi, takrolimasi kwa kawaida hushushwa hadi theluthi moja ya dozi. Siku ya kipimo usimeze dozi ya asubuhi ya takrolimasi nyumbani: beba kidonge, toa damu yakiwa yamepita masaa kumi na mawili tangu dozi ya usiku, ndipo umeze.

Siku ya kumaliza flukonazoli nayo husahaulika, na ni ya hatari vilevile. Kimeng'enya kinarudi kazini, kiwango kinaporomoka, na mwili unaweza kulikataa ini. Usiache dawa hiyo kabla ya kupangiwa tarehe ya kipimo kingine.

Hatua ya 4: Homa, kikohozi kisichoisha au kichwa kinachouma siku kadhaa: hospitali siku hiyohiyo. Prednisoloni, dawa nyingine ya kushusha kinga, huweza kuificha homa, basi hata joto dogo usilidharau. Kuotesha damu, yaani kuiweka maabara kuona kama vijidudu vitaota, hukosa karibu nusu ya kandida iliyojificha ndani ya mwili, kwa hiyo majibu safi yasikurudishe nyumbani ukiwa bado unaumwa. Kichwa kikiuma, omba kipimo cha kriptokokasi. Hospitali nyingi zetu zinacho kwa sababu ya huduma za VVU, lakini kwa mgonjwa wa ini ni rahisi kisikumbukwe.