Kabla hujamlipa wakili wa talaka hapa Kigoma

Nauza dagaa Kibirizi. Ndoa yangu ilivunjika tukiwa na watoto watatu, nyumba ya matofali ya kuchoma Gungu na mtumbwi mmoja wa injini. Baba watoto alitamka talaka akadhani yamekwisha. Hayajaisha, dada yangu. Talaka ya mdomo haigawi nyumba. Mali hugawiwa na mahakama, nayo ni lazima kwanza itoe amri yake ya talaka.

Usianzie kwa wakili, anzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Lipo la kata, yapo ya makanisa, mimi nilikwenda la BAKWATA, la Waislamu. Likishindwa kuwapatanisha litakupa hati, ile wanayoiita Fomu Namba 3. Shika tarehe yake kichwani, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka iwe haijapita miezi sita siku unapofungua shauri. Yangu iliozea kwenye droo ya wakili wa kwanza. Nilimpa laki tatu mkononi, bila risiti. Kila nikipiga simu, "Mama, wiki ijayo." Mwezi wa saba tangu hati itoke nikaenda mwenyewe. Akavuta droo, nikaiona hati yangu imelala juu ya cheti cha ndoa, hajaandika hata mstari mmoja. Nikarudi barazani kuanza upya, na safari hii baba watoto aliitwa mara mbili hakutokea. Nililia njia nzima.

Wa pili nilimchunguza kwanza. Binti yangu alitafuta jina lake kwa simu kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo uliza ya mwaka huu. Vishoka wapo, wana tai na mkoba kama wengine.

Halafu sikiliza anakuuliza nini. Wa kwanza aliniuliza nina shilingi ngapi. Huyu aliuliza: mlioana lini? Hati ya baraza ni ya lini? Kiwanja mlikinunua kabla ya ndoa au baada? Fundi alilipwa na nani? Nikampelekea mfuko wenye risiti za mabati na daftari langu la dagaa, lina madoa ya mawese mpaka kurasa zimegandana. Alizibandua moja moja taratibu. Alipofika palipoandikwa "saruji mifuko kumi, nimelipa kwa magunia ya Alhamisi" akaweka kipande cha karatasi, akasema, "Mama, huu ni ushahidi." Hapo nikajua nimepata wakili.

Kama hukuwa na biashara, usikubali kuambiwa huna chako. Tangu 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Wakili asiyeijua kesi hiyo usimwachie nyumba yako.

Malipo yaandikwe. Kiasi gani, kwa awamu ngapi, ada ya mahakama imo au haimo, na rufaa ni bei nyingine? Rufaa ina siku 45 tu, msisubiri hukumu ndipo mliongee. Kila awamu dai risiti ya mashine. Muulize pia atafungua mahakama ipi na kwa nini, kwa sababu shauri la talaka hata Mahakama ya Mwanzo inalisikiliza, na huko wengi hujisimamia wenyewe. Huna kitu kabisa? Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, uliza watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa. Sheria ya 2017 inawatambua, na huduma yao ni bure.

Ukitoka ofisini kwake, mwachie nakala. Cheti cha ndoa na hati ya baraza, zile zenyewe, rudi nazo nyumbani mpaka siku ya kufungua shauri.