Jinsi ya kusimulia "Bottle Rocket" kwa vijana wa baraza

Vijana wa mtaani kwetu, Mji wa Kale, wamezoea muvi za DJ Afro, yule anayezisimulia kwa Kiswahili. Ukiwawekea filamu ya wezi ambayo risasi hazirindimi, simu zatolewa mapema. Hii ya mwongozaji Wes Anderson, ya mwaka 1996, ilipita kimya hata huko Marekani. Yataka msimulizi, na msimulizi ajuaye kunyamaza.

Itazame kwanza peke yako. Kisha tafuta dari, ufunge shuka jeupe na uning'inize chupa za maji pembe za chini, maana upepo wa kusi hauna adabu. Anzeni baada ya Isha. Filamu yenyewe yachukua muda wa saa moja na nusu tu. Watoto wapeleke kwa bibi yao, kuna matusi na mambo ya chumbani.

Usitangaze kuwa ni vichekesho. Sema: "Hawa watatu ni wezi, na wizi hawauwezi." Dakika za mwanzo simulia kila kitu. Anthony yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, kajipeleka mwenyewe, na mlango u wazi. Rafikiye Dignan kajificha vichakani nje, akidhani anamtorosha. Anthony hana moyo wa kumvunjia mpango wake, basi anateremka dirishani kwa shuka alizofunga fundo. Asiyelishika hili hatashika kingine. Waambie pia kuwa Luke na Owen Wilson, waigizaji wa Anthony na Dignan, ni ndugu wa damu, la sivyo watabishana juu ya sura mpaka mwisho.

Kwenye basi Dignan anatoa daftari lenye mpango wa maisha wa miaka 75. Nyamaza. Kila maskani ina mtu wa daftari hilo, na watamtazama. Wizi wa duka la vitabu (naam, la vitabu!) upitishe haraka, wenyewe unajieleza.

Pagumu ni motelini. Anthony anampenda Inez, msafishaji wa vyumba, naye azungumza Kihispania. Rocky wa jikoni ndiye mkalimani wao, yaani mwenzako wa kazi. Inez anamtuma Rocky amkimbilie Dignan, naye Rocky anafikisha maneno kama yalivyo: "Mwambie Anthony nampenda." Dignan anadhani ni Rocky mwenyewe anayependa. Sasa wewe, kwa wema wako, ukisema "Inez anampenda", umekiua kichekesho. Sema alivyosema Rocky, ufunge mdomo, uwaache wapigane makofi ya mgongo.

Kwenye ghala la baridi, wanakokwenda kuiba, rudi kazini kwa nguvu zote: ovaroli za manjano, na Kumar, mzee wa Kihindi aliyeletwa kufungua sefu, anayesema mkono umempotea. Hapa ongeza chumvi upendavyo. Lakini Applejack, mwenzao katika wizi huo, akianguka ameshika kifua, na Dignan akageuka kumrudia huku polisi waja, zima maikrofoni kabisa.

Kisha gerezani. Wenzake wamekwenda kumtazama Dignan, na ghafla anaanza kuwapangia namna ya kumtorosha sasa hivi. Ni mzaha. Kaza sauti, harakisha maneno, waaminishe wote walioko darini. Ukicheka wewe kabla yake, umewaharibia.