Namna ya kuacha dawa za wasiwasi baada ya kuzitumia kwa miaka

Mama yangu alimeza diazepamu miligramu 10 kila usiku kwa miaka tisa, tangu baba alipofariki, na hakuna siku aliyokata shauri la kuiacha. Vidonge ndivyo vilivyomwacha. Alikuwa amevuka kwenda Ukerewe kwenye msiba aliodhani utamchukua siku tatu, akabeba vidonge vya siku tatu, kisha msiba ukamweka siku nane. Siku ya tano nilipompelekea uji, mkono ulimtetemeka hadi kikombe kikamwagikia khanga, naye akaniuliza kwa nini watoto waliimba nje usiku kucha, ilhali nje hapakuwa na mtoto hata mmoja. Tulimfikisha kituo cha afya kabla hajapata degedege, na daktari wa zamu alipouliza anatumia dawa gani ndipo sote tukaelewa kilichomsibu.

Mwongozo huu nauandika kwa sababu ya siku ile. Niliowaona wakiumia kwa kuacha dawa hizi huku kwetu kandokando ya ziwa hawakuumia kwa kukosa ujasiri, bali kwa kukatikiwa dawa ghafla, ama kwa kuitupa yote siku moja. Kwa hiyo kazi ya kuacha huanzia kwenye akiba na kwenye ratiba iliyoandikwa na daktari, na wembe wa kukatia vidonge hufuata baadaye sana.

Dawa ninazozizungumzia ni za jamii ya benzodiazepini: diazepamu, ambayo wengi bado huiita Valium, jina lililoingia sokoni mwaka 1963, pamoja na lorazepamu, alprazolamu na klonazepamu. Zote huongeza nguvu ya kemikali ya ubongo iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kuzituliza chembe za fahamu. Ubongo unaotulizwa na kidonge kila siku hulegeza breki zake wenyewe, na kwa baadhi ya watu hilo hutokea ndani ya wiki chache tu. Kidonge kikiondolewa ghafla, mtu hubaki bila breki ya nje wala ya ndani: hukosa usingizi, hutokwa jasho, hushikwa na jakamoyo, na hali ikiwa mbaya hupata degedege au kuchanganyikiwa kunakoweza kumuua. Hali hiyo humpata hata mtu ambaye hajawahi kuzidisha dozi, na ndiyo maana mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo lake kali kabisa liwekwe kwenye maelezo ya dawa zote za jamii hii. Naomba hili lieleweke nyumbani kabla ya yote, kwa sababu mama alisemwa sana kuwa amekuwa mlevi wa vidonge, na maneno yale yalimfanya afiche dawa zake hata kwa waliotaka kumsaidia.

Wapo wasiopaswa kuanza safari hii wakiwa nyumbani. Mwenye kifafa, aliyewahi kupata degedege alipokosa dawa, mjamzito, anayekunywa pombe kila siku, iwe bia au gongo, na anayetumia tramadoli au dawa nyingine kali za maumivu, wote hao wanahitaji mpango wa pekee, na baadhi yao hulazimika kulazwa. Soma pia jina lililo kwenye pakiti, kwa maana amitriptilini na fluoksetini nazo hutolewa kwa wasiwasi, lakini si za jamii hii na zina taratibu zake.

Hatua ya kwanza ni kumwona daktari. Kwa walio Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando ina idara ya magonjwa ya akili, na aliye mbali anaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya cha jirani akaomba rufaa. Nenda na pakiti zote, hata zile ulizonunua bila cheti, na useme ukweli kuhusu pombe. Mwombe daktari akuandikie ratiba ya kupunguza, na vilevile barua fupi inayotaja dawa na dozi yako, ili ukikwama ugenini mhudumu mwingine akuelewe kwa haraka. Ikiwa unatumia lorazepamu au alprazolamu, ambazo hutoka mwilini mapema, muulize kama inafaa akuhamishie kwanza kwenye diazepamu, ambayo hukaa mwilini kwa siku kadhaa na hivyo hushuka polepole. Uhamisho huo usiufanye mwenyewe kwa kubadilisha kidonge kwa kidonge, kwa sababu alprazolamu ya nusu miligramu au lorazepamu ya miligramu 1 hukadiriwa kuwa na nguvu sawa na diazepamu ya miligramu 10.

Akiba ni jambo la pili, nami nitalikazia. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewarahisishia wa Sengerema na Geita, lakini watu wa visiwani bado wanategemea chombo cha majini, na ziwa likichafuka hakuna anayevuka. Usianze kupunguza mpaka uwe na dawa za mwezi mzima mkononi, na cheti kipya ukifuate zikiwa zimebaki za wiki mbili. Unaposafiri, beba mara mbili ya siku unazotarajia kukaa, uzifunge kwenye mfuko usiopenya maji na uzibebe kwenye nguo uliyovaa, wala usiziache ndani ya begi linalowekwa chini ya mtumbwi. Nyumbani zifungiwe mbali na watoto.

Sasa tuje kwenye kasi. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2025 unapendekeza kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki mbili hadi nne, na kutozidi asilimia 25 katika wiki mbili. Asilimia hiyo huhesabiwa kwa dozi uliyo nayo sasa, si ile uliyoanza nayo, na hapa ndipo wengi hukosea. Anayetoka miligramu 10 kwenda 9 amepunguza asilimia 10, lakini anayetoka 5 kwenda 4 amepunguza asilimia 20, na anayetoka 2 kwenda 1 amepunguza nusu nzima. Kipande ni kilekile, pigo ni tofauti. Kwa hiyo kadiri unavyoshuka, vipande navyo vipungue. Mama alishuka kwa miligramu 1 kila mara hadi alipofika 5, na kuanzia hapo akashuka kwa nusu miligramu, akitumia vidonge vya miligramu 2 ambavyo mfamasia alilazimika kumwagizia, kwani dukani vilizoeleka vya miligramu 5. Hatua zote zilikuwa kumi na tano, na safari nzima ilichukua zaidi ya mwaka mmoja. Ratiba yako inaweza kuwa fupi au ndefu kuliko hiyo, na anayeipanga ni daktari wako.

Kuhusu tarehe za kushuka, mama alitumia kalenda aliyokuwa nayo tangu zamani. Yeye huuza dagaa Mwaloni, Kirumba, na wavuvi wa dagaa huingia ziwani kwa taa usiku wa giza, kisha mbalamwezi inapojaa hupumzika kwa sababu taa haziwavuti tena samaki. Siku hizo biashara hupoa, naye hulala mapema. Akachagua kushuka kila mbalamwezi, yaani baada ya siku ishirini na tisa hivi, na daktari wake alipoambiwa aliiandika hivyohivyo kwenye ratiba. Wewe nawe tafuta majuma yako tulivu: usishuke ngazi wiki ya mtihani, ya mazishi, wala ya kufunga hesabu.

Vidonge alivikata juu ya sahani nyeupe, kwa wembe mpya, akibonyeza mara moja tu kwenye mstari wa katikati, na unga uliobaki akauokota kwa ncha ya kidole iliyolowa na kuulamba. Vipande vya wiki viliwekwa kwenye kikopo chenye kifuniko, na kila usiku aliandika kwenye daftari dozi, saa na alivyolala. Usijaribu kusaga kidonge ndani ya glasi ya maji ili ugawe maji hayo, kwa kuwa diazepamu haiyeyuki majini. Unga hutuama, na atakayekunywa nusu ya juu hatajua amekunywa kiasi gani. Ukihitaji dozi ndogo kuliko kipande unachoweza kukata, mwulize mfamasia kama anaweza kukupatia dawa ya maji iliyotengenezwa kiwandani.

Siku mbaya zitakuja. Baada ya kupunguza diazepamu, dalili zaweza kuchelewa siku kadhaa, hivyo utulivu wa siku ya pili usikudanganye ukaharakisha. Kelele huumiza masikio, misuli hurukaruka, vidole hufa ganzi, na wasiwasi wa zamani hurudi ukiwa na sauti kubwa zaidi. Dalili zikikuzidi, baki kwenye dozi uliyopo wiki nyingine mbili au nne na umjulishe daktari. Usiongeze kidonge leo na kukipunguza kesho. Mama alikaa kwenye miligramu 4 kwa miezi miwili, akilia kwamba ameshindwa, na bado alifika mwisho. Chai ya rangi nzito na kahawa ziachwe kuanzia mchana, na pombe isitumike kufidia usingizi. Tiba ya mazungumzo, pale inapopatikana, huongeza nafasi ya kufanikiwa, kwa sababu ule wasiwasi wa mwanzo nao lazima upate pa kutua.

Kama wewe ni mvuvi, mwendesha bodaboda au fundi wa juu ya paa, omba kupumzika kazi hiyo siku za mwanzo baada ya kila hatua, na mwambie nahodha au mwenzako mmoja ukweli, kwa sababu kizunguzungu kidogo ndani ya mtumbwi usiku si kidogo. Mwambie pia kila anayekuandikia dawa nyingine kwamba unapunguza. Rifampisini ya kifua kikuu huondoa diazepamu mwilini haraka na inaweza kukushusha bila wewe kujua, ilhali flukonazoli ya fangasi huizuia isitoke. Na ukiombewa, pokea maombi kwa moyo wote, lakini usikubali kuambiwa uvitupe vidonge vyote siku hiyo kama ushuhuda.

Degedege, kuona au kusikia visivyokuwapo, kuchanganyikiwa, homa kali pamoja na kutetemeka, au mawazo ya kujiua: ikitokea mojawapo, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo akiwa na pakiti na barua yake, wala asingojee asubuhi.

Ukifika sifuri, dalili ndogondogo zaweza kuja na kuondoka kwa wiki kadhaa au hata miezi, hivyo endelea na daftari na miadi yako. Usirudi kwenye dozi ya zamani usiku mmoja wa kukosa usingizi: mwili uliokwisha kuzoea kukaa bila dawa huweza kulemewa na miligramu zilezile ulizokuwa ukizimeza bila shida, hasa ukichanganya na pombe. Vidonge vilivyobaki usimgawie jirani asiyelala. Mama alivirudisha vya kwake kwa mfamasia, kumi na moja, pamoja na kile kikopo.