Jinsi ya kujua gesi iliyobaki katikati ya bomba la plazma

Mdogo wangu mmoja anasoma fizikia hapa Mbeya, juzi kanitumia hesabu zake za plazma ya agoni (gesi ya agoni iliyowashwa hadi elektroni zikabanduka kwenye atomu), yale mabomba ya mawimbi ya helikoni, yaani mawimbi ya redio yanayopita ndani ya plazma yenye sumaku, ambayo mwanafizikia Rod Boswell aliandika habari zake huko Australia mwaka 1970. Hesabu safi kabisa, ila nilipomuuliza dogo hii presha ya gesi umeichukua saa ngapi akasema, kabla ya kuwasha, kaka. Hapo ndo pa kuanzia, maana ukishawasha, gesi ya katikati inaweza kupungua na ile namba haifai tena.

Fikiria stendi ya Kabwe asubuhi. Magari yanafuata barabara, watembea kwa miguu wanakatiza popote. Elektroni na ioni ndo magari, barabara yao ni mistari ya sumaku, na atomu zisizo na chaji ndo watembea kwa miguu, sumaku haiwashiki. Elektroni ikiigonga atomu kwa nguvu ya kutosha (agoni inataka 15.76 eV, eV ni kipimo kidogo cha nishati) atomu inakuwa ioni, yaani kapanda gari, inaenda kushushwa ukutani na inarudi tena kuwa mtembea kwa miguu. Sasa magari yakipakia haraka kuliko watu wanavyoingia, katikati ya stendi panabaki peupe.

Kwahiyo fanya hivi. Chukua presha ya gesi, tuseme 0.13 Pa, gawanya kwa kT ya 300 K (k ni namba ya Boltzmann, T ni joto la gesi kwa kelvini), unapata atomu kama 3 × 10^19 kwa mita ya ujazo. Halafu chukua presha ya elektroni, msongamano mara joto lao: elektroni 10^18 kwa mita ya ujazo, zenye joto la 3 eV, zinatoa karibu 0.5 Pa. Umeona? Elektroni peke yake zinasukuma karibu mara nne ya gesi uliyoanza nayo, hivyo usitegemee gesi ikae katikati kwa utulivu. Presha ya elektroni ikitoka chini sana, mfano 0.01 Pa, hapo huna wasiwasi mkubwa. Pia gesi inapata joto, ikifika 600 K kwa presha ileile atomu zinabaki nusu, na hii watu wengi wanaisahau.

Suala la geji, yaani kipima presha, ndo linaniuma zaidi maana linadanganya watu waangalifu kabisa. Kama gesi inaingia kwa kasi isiyobadilika na pampu inavuta vilevile, geji iliyo karibu na pampu itatulia palepale uwashe usiwashe, wakati katikati pameshakauka! Geji ya ioni (inayopima gesi kwa kuigonga na elektroni zake) usiiweke karibu na koili za sumaku, sumaku inapindisha elektroni zake na namba inakuwa ya uongo, isogeze mbali kwa bomba la pembeni, halafu kwa agoni gawanya kwa 1.3 hivi kwasababu imepimwa kwa naitrojeni. Na sisi wa nyanda za juu, geji inayolinganisha na hewa ya nje usiiwekee 101 kPa ya usawa wa bahari, Mbeya iko mita 1,700 hivi na hewa yetu ni karibu 83 tu, ndo maana hata maharage huku yanachelewa kuiva.

Macho nayo yanasaidia. Atomu za agoni zinawaka waridi-zambarau, ioni zinawaka bluu, ukiona kiini cha bluu kimesimama katikati ujue huko ioni zimeshika na ni vizuri kushuku gesi imepungua. Ukiwa na spektromita (kifaa cha kuchambua rangi za mwanga) fuatilia mstari wa 750.4 nm wa atomu na 488 nm wa ioni huku unaongeza pawa kidogo kidogo.

Ukishajua imepungua, usikimbilie kuongeza pawa, utaichoma zaidi. Ongeza gesi kwanza, au sogeza tundu la kuingizia karibu na pale plazma inapowaka. Na kama unawasha kwa vipande vifupi, atomu ya agoni inakimbia kama mita 400 kwa sekunde, sentimita 10 inazimaliza kwa robo ya milisekunde, kwahiyo kati ya mpigo na mpigo iachie milisekunde kadhaa gesi ijirudie, ndo upime tena.