Kuchagua monita ya jukwaani ukipiga gitaa kwa modela

Wapiga gitaa wanaohama kutoka ampu ya kawaida kwenda modela (kifaa cha kidijitali kinachoiga ampu) huniuliza wanunue spika gani. Mimi huwauliza kwanza: watu ukumbini watakusikia kupitia nini?

1. Chagua aina

Kama sauti yako inaingia kwenye mikisa ya ukumbi, monita ni ya masikio yako tu. Chukua FRFR (spika inayotoa sauti zote, nzito hadi kali, bila kuzibadilisha) ya inchi 12, mfano Headrush FRFR-112 au Fender Tone Master FR-12, uielekeze kichwani, si magotini. Wengine wanasisitiza ampu ya nguvu na kabineti (sanduku la spika) ya gitaa. Raha yake naijua, lakini spika ya gitaa hufifisha sauti kali kuanzia takriban 5 kHz, kwa hiyo unafurahia sauti ambayo ukumbi hausikii. Wati zilizoandikwa kwenye boksi zisikubabaishe. Mara nyingi ni za kilele, yaani za kitambo kidogo tu. Bendi ikitumia monita za masikioni, tumia hizohizo.

2. Kabineti ya kidijitali

Hapa ndipo jioni nzima hupotea. Modela haiigi ampu peke yake, inaiga pia kabineti na maikrofoni iliyo mbele yake. Mikisa na FRFR zinataka kabineti hiyo iwashwe. Ukiizima, sauti inawasha masikio kama nyuki kwenye debe. Kabineti halisi inataka izimwe, la sivyo sauti inapita kabineti mbili na kutoka ikiwa nzito, imeziba.

Ukitumia mikisa pamoja na kabineti halisi, gawanya njia kabla ya bloku ya kabineti: waya wa XLR uende mikisa ukiwa na kabineti, waya wa pili uende jukwaani bila. Modela ya Kemper ina chaguo la kuizima kwa monita pekee. Kwenye modela ya Helix unagawanya mwenyewe ndani ya kila preseti (mpangilio wa sauti uliohifadhiwa). Ukipitia ampu ya kawaida, chomeka tundu la kurudishia efekti lililo nyuma, si la gitaa lililo mbele, maana hilo la mbele linakuongezea priampu (hatua ya kwanza ya ampu) juu ya priampu ya modela.

Kisha tafuta kwenye mipangilio kitasa kikubwa cha sauti kinadhibiti nini. Kiwe cha monita tu. Kikigusa na XLR, kila ukijipunguza jukwaani fundi mitambo anapandisha geini, na ukijirudisha unampasulia ukumbi.

Mngurumo wa umeme ukitokea, tumia swichi ya kutenganisha ethi kwenye modela. Usithubutu kung'oa pini ya ethi kwenye plagi.

3. Pangia preseti kwa sauti ya jukwaani

Watafiti Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi na sauti nyembamba tofauti kadiri sauti inavyopanda. Preseti tamu ya hedifoni usiku itanguruma na kuchoma jukwaani. Kata chini ya 80 Hz (waya mnene wa E uko kama 82) na juu ya 6 hadi 8 kHz. Besi ikizidi kwa sababu monita iko kwenye kona, isogeze au irekebishe kwa ekwalaiza ya monita yenyewe, preseti uziache.