Usiku wa Mama: mambo ya kuzingatia kabla ya kuamua mzazi anayesahau akae wapi

Mama yangu alikuwa akishona kofia tangu kabla sijazaliwa. Zile za mkono, zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, ambazo moja huchukua miezi. Mwaka juzi nilimkuta barazani ameinamia kofia, anaziba kwa uzi vitundu alivyovifungua mwenyewe wiki iliyopita. Nilipomuuliza akanambia nguo imeliwa na panya. Sikumsahihisha. Nilikaa kando yake nikamshikia uzi.

Kutoka siku ile hadi siku tuliyokaa watoto wote kuamua nani atamlea na wapi, tulichelewa sana, na sababu naijua. Tulikuwa tukimpima Mama kwa mchana. Mchana mgeni akija, Mama hujitanda leso yake, huuliza habari za nyumbani, dua ikiombwa huitikia. Mgeni huondoka akisema, “Mbona yu mzima?” Usiku ndio uliokuwa na habari zote, na usiku hakuna mgeni. Haya ninayoyaandika ndiyo ningependa mtu aniambie mapema.

Kabla ya yote, hakikisheni kwamba ni ugonjwa wa kusahau kweli. Hapa Lamu tumezoea kusema “ni utu uzima tu.” Lakini utu uzima peke yake haumpotezi mtu ndani ya nyumba aliyoishi miaka arubaini. Ugonjwa ambao ndio chanzo cha mara nyingi zaidi ulielezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906: seli za ubongo hufa kidogo kidogo, na kumbukumbu za karibu ndizo huanza kuondoka. Wengine huupata ugonjwa wa kusahau kwa mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, hasa aliyeugua presha miaka mingi au aliyepata kiharusi. Hauna dawa ya kuuponya. Zipo dawa za kupunguza dalili kwa muda kwa baadhi ya wagonjwa. Ila yako mambo yanayofanana nao na yanatibika: maambukizi ya mkojo, sukari kushuka au kupanda, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, huzuni nzito baada ya msiba, au mtu kuanguka na damu ikavuja taratibu ndani ya fuvu. Sisi twatumia kanuni moja. Mabadiliko ya ghafla, ya siku mbili tatu, ni ya kwenda hospitali leo hii. Yaliyokuja kwa miezi na miaka ndiyo ya kukaa na kupanga.

Na mtazame dawa anazokunywa. Mama alipoanza kukesha, muuza dawa mmoja alitupa vidonge vya mzio vya klorofeniramini, vile vinavyoleta usingizi, tumpe kila usiku. Wiki ya pili hakumjua hata mjukuu aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja, na mkojo ukawa wamkatalia. Daktari ndiye aliyetueleza kuwa vidonge hivyo huvuruga akili ya mtu mzima. Tulipoviacha alirudi, si pale alipokuwa zamani, lakini mjukuu alimjua. Karibu tumhamishe kwa sababu ya kidonge. Kusanyeni kila dawa iliyo ndani ya nyumba, na ya mitishamba pia, mzitie kwenye mfuko mmoja, mzipeleke kwa daktari.

Likisha kujulikana kuwa ni ugonjwa wenyewe, wekeni daftari. Letu lilikuwa la shule, limefungwa kwa uzi kwenye msumari wa mlango wa jikoni, na aliyeshika zamu huandika saa na kilichotokea, bila hadithi. Ukurasa mmoja ulikuwa hivi: “Saa nane usiku, ameamka, ataka kwenda kwetu. Saa tisa na nusu, amekojoa mlangoni. Saa kumi, amefungua komeo, nimemkuta njiani.” Tuliandika siku kumi na nne. Usiku tisa kati ya hizo aliamka zaidi ya mara mbili, na mara mbili alitoka nje. Daftari hilo ndilo lililonyamazisha ubishi, maana ndugu aliye mbali aliyekuwa akisema twatia chumvi alisomewa ukurasa baada ya ukurasa kwenye simu hadi akaanza kulia.

Wengi hubadilika jua linapotua. Kwetu huanza baada ya Magharibi: Mama hukusanya leso zake, hufunga kitita, asema anakwenda kwao. Amezaliwa Faza. Mwanzoni tulimwambia, “Mama, hapa ndipo kwako,” na alikasirika kwa haki, kwa sababu kwao anakokutaka ni kwa mamake aliyekufa zamani. Kakangu, ambaye ni mtu wa vyombo vya bahari, ndiye aliyepata jibu: “Haya, twende, lakini maji yametoka. Tungoje yajae tupite Mkanda,” ule mkondo wa bahari ulio njia ya kwenda Faza. Mama anaijua bahari kuliko anavyotujua sisi. Hukaa akangoja, na katika kungoja usingizi humchukua. Siku jibu hilo lilipoacha kumtuliza, tuliliandika pia kwenye daftari.

Itazameni nyumba kama ambaye hajawahi kuingia. Hizi nyumba zetu za mawe zina ngazi za mwinuko mkali, giza mchana, na choo mara nyingi si pale mtu alalapo. Mama alikuwa akilala juu. Tulimshusha chini, tukaweka taa ya usiku njia ya chooni, tukatia komeo la pili juu kabisa ya mlango mahali asipotazama, tukawa twafunga gesi kwenye mtungi wenyewe kila baada ya kupika. Tuliondoa zulia lililokuwa likimkwaza. Ikiwa mambo kama haya yametuliza hali, basi wakati bado; kaeni naye nyumbani. Mji wa kale una neema yake. Gari ni nadra vichochoroni, na kila mtu amjua Bi fulani ni mama wa nani, kwa hiyo akipotea hurudishwa na kijana wa punda au mwanamke aliye barazani. Lakini neema hiyo ni ya mchana. Saa kumi za usiku mabaraza ni matupu, na kutoka mlangoni kwetu hadi ukingo wa maji ni hatua chache. Shonesheni nambari ya simu ndani ya buibui lake, na msitegemee hiyo peke yake. Anayeishi Malindi ana jambo jingine la kuogopa, nalo ni tuktuk na bodaboda, na mzee aliyezoea vichochoro vya Lamu hajui kungoja barabarani.

Kuna hali moja ambayo haitaki daftari wala kikao. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, hata ikabidi Kaya Godoma kule Ganze iwe kimbilio la waliookoka. Mzee mwenye ugonjwa huu hutembea usiku, huzungumza peke yake, huingia nyumba isiyo yake. Mjinga akiyaona hayo huyaita uchawi. Kama maneno hayo yameanza kunong’onwa anakoishi mzazi wako, hata kwa mzaha, hata na jamaa wa damu, mhamishe wiki hii, mengine yatafuata.

Kwa upande wa mwili, tazameni kula, kumeza, choo, na kugeuka kitandani. Anayepaliwa kila mlo yuko hatarini kuugua mapafu. Asiyeweza kugeuka mwenyewe yataka ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya kiuno na visigino hufanya vidonda. Hebu hesabuni hizo ni zamu ngapi na ni nani wa kuzishika. Na hapa ndipo lilipo suala la stara, ambalo watu huona haya kulitaja. Kijana wa kiume aliyebaki peke yake na mamake amlishe, ampe dawa, amsomee. Lakini kumwosha na kumbadilisha pampasi ni jambo linalomvunjia heshima mama hata kama hajui siku ya leo ni ipi. Mama yetu alimpiga kakangu kofi alipojaribu, kisha akalia. Nyumba isiyo na mwanamke wa kumwosha mama, au mwanamume wa kumwosha baba, tayari inahitaji msaada kutoka nje, na hilo si la kungojewa.

Sasa nifikie kwa mlezi. Dada yetu mkubwa ndiye aliyembeba Mama, kama ilivyo kawaida mzigo kumwangukia binti asiye na mume. Alipungua hadi bangili zikawa zamtoka mkononi. Kwenye kikao sote tulizungumza habari za Mama, Mama analala vipi, Mama anakula nini, na hapana aliyemuuliza yeye. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba usiku mmoja, Mama alipokataa kuvua nguo iliyolowa kwa mara ya tatu, alimpiga mkono. Chumba kizima kilinyamaza. Mjomba alikuwa amekwisha kutukumbusha aya ya Sura Al-Israa, kwamba wazazi wakifikia uzee wakiwa kwako usiwaambie hata “ah,” na aliitaja kama hoja ya Mama kubaki pale pale. Mimi naisoma aya hiyo nikaona inamkataza mtoto neno la kuchoshwa, na dada yangu alikuwa amefikishwa mahali pa kulisema kila usiku, na sisi ndio tuliomfikisha. Kumpa mapumziko dada yangu kulikuwa ni kumtii Mungu katika Mama. Basi muulizeni mlezi, faraghani, si mbele ya wote: Unalala saa ngapi? Umewahi kumfungia mlango? Umewahi kumpiga au kutaka kumpiga? Akijibu ndiyo, msimlaumu. Wakati umefika, na amewasaidia kuujua.

Ndugu yetu aliyeko Uingereza alisema tumpeleke nyumba ya wazee. Ni vizuri kujua anayesema hivyo ana picha gani kichwani. Kule, kama Marekani, ziko nyumba za namna mbalimbali: ziko za mtu ambaye akili yake ipo lakini ataka msaada wa kuoga, kuvaa na kunywa dawa, na ziko za wanaosahau, zenye milango ya kufungwa na wahudumu wa usiku waliofunzwa. Kenya nyumba za wazee ni chache, na si zote zinazopokea mtu anayetangatanga. Mkipata moja, iwe Mombasa au Nairobi, nendeni bila kuwaarifu, na nendeni wakati wa Magharibi, saa ile ambayo wagonjwa huhangaika. Ulizeni usiku wanabaki wahudumu wangapi kwa wazee wangapi. Ulizeni kama hufunga watu kitandani au huwapa dawa za kuwalaza, ni nani huwaosha wanawake, nyama hutoka wapi, kama ataisikia adhana, homa ikipanda usiku humpeleka hospitali gani, na kama pampasi zimo ndani ya ada. Nuseni vyumba. Na mjue kuwa kuhama kwenyewe humvuruga mgonjwa, wiki za mwanzo huwa mbaya kuliko alivyokuwa, hivyo msimhamishe mara mbili kama mara moja itatosha.

Kati ya nyumbani na nyumba ya wazee ziko njia nyingine, nazo ndizo wengi wetu tutakazopita: kuajiri mtu wa usiku tu, kugawana miezi, au kumhamishia kwa mtoto mwenye nyumba ya chini isiyo na ngazi.

Pesa na karatasi zisingoje. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wazee na wasiojiweza, humpa aliyetimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo hazitoshi pampasi. Hakikisheni amesajiliwa SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Hati ya wakala ya kusimamia mali yake yataka itiwe sahihi akiwa bado anaelewa anachotia sahihi. Akili ikisha kwenda, njia ni mahakama, na huko ni mbali. Na mkiwa bado mna nafasi hiyo, muulizeni yeye mwenyewe. Sisi tulimuuliza Mama asubuhi moja, akiwa amekunywa chai na akili imetulia, akitoka hapa angependa akae na nani. Akasema, “Na asiyenipigia kelele.”

Kikao chetu kiliisha hivi. Mama yuko kwa dada mdogo, mtaa wa tatu kutoka kwetu, chumba cha chini, choo mlango wa pili. Mama mmoja tunayemlipa huja baada ya Isha na kuondoka alfajiri. Dada mkubwa hulala kwake, na Ijumaa hashiki zamu yoyote. Kisha tukaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari mambo yatakayotufanya tumhamishie Malindi kwa kakangu, karibu na hospitali, tukatia sahihi sote ili siku hiyo asije mtu na ubishi mpya: akianguka na kuumia, akitoka nje usiku hata mara moja, mtu wa usiku akituacha na tukakosa mwingine kwa wiki mbili, akianza kupaliwa na maji, au yeyote katika walezi akisema tu kwamba hawezi, bila ya kuulizwa kwa nini.